Sura ya Saba: Plasta Yenye Joto

Umeme ulikatwa Jagjit Singh akiwa bado hajaufikia mlango wa bohari. Taa za barabarani zilizimika, mashine za kiwanda cha jirani zikanyamaza, na mtaa mzima wa Digbeth ukamezwa na giza la jioni ya Februari. Wachimba makaa ya mawe walikuwa wamegoma, mji ukawa unakatiwa umeme kwa zamu, na kwa mkosi wa Jagjit zamu ya mtaa huu iliangukia saa ile ile aliyohitaji mwanga kuliko kitu kingine chochote.

Si kwamba alikuwa mwoga wa giza. Alikuwa Inspekta wa upelelezi Kisumu, amewafuata wezi wa ng'ombe usiku kwenye mashamba ya miwa, kabla ya mambo ya uraia kumfungisha virago mwaka wa sitini na nane na kumleta Birmingham, ambako sasa aliichunguzia mambo kampuni iliyoikatia bima mali ya bohari. Lakini bohari hii iliyojengwa chini ya matao ya reli alikuwa ameingia mara moja tu, na hiyo mara moja ilimtosha. Ndani yake yalipangwa masanduku marefu kama majeneza, na kila sanduku lilibeba mifupa ya dinosaria ambaye dunia ilikuwa bado haijamsikia. Mmoja alichimbuliwa Mongolia, wa pili Argentina, wa tatu kwenye mchanga wa Niger, na wa nne Turkana, Kenya. Jumamosi wangefunguliwa wote kwenye maonyesho, na majina yao mapya yatangazwe.

Jumatatu vilitoweka vitu viwili. Cha kwanza ni taya la mnyama wa Turkana. Cha pili ni Fanuel Otieno, fundi wa mifupa aliyesafiri nalo kutoka Kenya ili alisafishe. Polisi hawakuumiza vichwa. Taya limepotea, Mwafrika amepotea, basi Mwafrika ameiba taya. Walipekua bohari kwa haraka, wakapeleka jina la Fanuel kwenye viwanja vya ndege, wakaenda kunywa chai.

Mlangoni palikuwa na mtu. Jagjit alishtuka, kisha akaitambua kofia nyeupe ya uuguzi ikichungulia juu ya kola ya koti.

"Mama Edah, si nilikwambia ukae nyumbani?"

"Nikae nyumbani na nani, Bwana Jagjit? Na kuta?" Milka, mke wa Fanuel, aliyemtangulia mumewe Birmingham kwa kazi ya uuguzi, alikuwa ametoka zamu hospitalini akapanda basi moja kwa moja. "Edah kila asubuhi ananiuliza, 'Mum, where's Dad?' Nimjibu nini? Polisi wameniambia ningojee, ati ataniandikia akifika Nairobi. Koti lake wameliona limening'inia humo ndani. Mimi nimewauliza, nani anatoroka bila koti na theluji hii? Fanuel hata chooni anaenda na koti!"

Jagjit hakucheka. Tangu alipoliona koti lile, kuna jambo lilikuwa likimkereketa moyoni na hakuthubutu kumwambia mama huyu. Mtu asiyeondoka na koti lake kwenye baridi ya kuua, ama hakuondoka kabisa, ama aliondolewa amebebwa.

Mlinzi aliwafungulia. Alikuwa Gurdev, Kalasinga wa Nakuru mwenye ndevu zinazofika kifuani, na mkononi alishika kandili.

"Bhaaji, ndugu yangu, mimi hii kazi naacha," alimwambia Jagjit. "Leo leo. Nakuru nimelinda benki, nimelinda godauni, sijawahi kuogopa. Lakini humu kuna kitu kinatembea."

"Panya."

"Panya gani ana mguu mmoja?" Gurdev alishusha sauti. "Nasikia du. Halafu kama gunia linaburutwa. Halafu du tena. Treni ikipita juu kinanyamaza. Tangu Jumanne! Na roti zangu zinapotea. Naziacha kwenye mkebe hapo kando ya stovu, mimi nakaa nje kwa kibanda changu, nikirudi mkebe ni mtupu na umefunikwa vizuri. Panya anafunika mkebe?"

"Polisi umewaambia?"

"Wamecheka. Dokta wa hii mifupa nimemwambia, yeye hakucheka. Ameniuliza sauti inatoka upande gani." Akaelekeza kidole ndani. "Yuko huko sasa. Siku hizi kila jioni anakuja, anafungua masanduku, anafunga."

Jagjit aliliweka neno hilo mahali pake. Mwenye masanduku kufungua masanduku si kosa. Lakini anayemwona daktari wa mifupa ya kale akiingoja jioni ili akague mali yake, wakati mchana kuna mwanga wa dirishani, ana haki ya kujiuliza.

Dokta Ainsley alitokea katikati ya mistari ya masanduku, tochi kubwa mkononi, nyundo ndogo ya kuvunjia mawe imening'inia kwenye mkanda. Mzee mrefu, mpole, nywele nyeupe. Alikulia kwenye shamba la walowezi kule Kitale, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuwaamuru wapishi.

"Jambo, Singh. Na huyu bibi ya Fanuel? Pole, mama, pole sana. Mimi napenda Fanuel kama mtoto yangu."

"Asante, Daktari," Milka alisema.

"Wewe tafuta taya, eh? Tafuta mzuri. Jina mpya ya nyama hii nafungwa kwa mfupa moja tu, na mfupa ile nakaa shahidi yake siku zote. Kama mfupa hapana, jina nakuwa hewa. Mimi nangoja jina hii miaka mingi."

"Mara ya mwisho ulimwona lini Fanuel?"

"Jumatatu, mchana. Yeye nasafisha taya pale kwa meza. Mimi nakwenda nyumbani. Basi. Hapana ona tena."

"Na mkono?"

Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa umefungwa bendeji. Aliutazama kama aliyekuwa ameusahau. "Oh. Msumari. Sanduku ya Mongolia iko na misumari mbaya."

Walianza kupekua. Daktari alitangulia na tochi, Jagjit akafuata, Milka nyuma yake, na Gurdev akabaki karibu na mlango na kandili yake, asogee asisogee. Kwenye rafu zilipangwa vifurushi vyeupe vya kila ukubwa, kingine kama mto, kingine kama mtu aliyelala. Hivyo ndivyo mifupa ya namna hiyo husafirishwa. Fundi huifunika kwa karatasi iliyoloweshwa, juu yake hupitisha vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta, mpaka mfupa ulale ndani ya ganda gumu. Jagjit alipitisha kiganja juu ya kila kifurushi akitafuta ufa. Vyote vilikuwa baridi ya kuchoma, baridi ya jiwe lililolala nje.

Treni ilipita juu, vumbi likamwagika darini. Ilipokwisha kupita, walisikia wote wanne.

Du.

Kisha mburuto.

Gurdev alilitaja jina la Mungu. Daktari aliigeuza tochi upesi kuelekea mwisho wa bohari. Hakukusikika kitu tena. Jagjit alihisi jasho likimtoka chini ya kilemba, na alijichukia kwa hilo.

"Tuendelee," alisema.

Kilikuwa kwenye rafu ya chini, nyuma ya mzigo wa Niger, kifurushi cha urefu wa mkono. Jagjit alikigusa akauondoa mkono haraka. Kisha akaurudisha, viganja vyote viwili.

Kilikuwa na joto.

Katika bohari ambamo pumzi zao zenyewe zilitoka kama moshi, kitu hiki kilikuwa na joto kama mkate ulioepuliwa punde. Milka alimwona alivyoganda, akainama, akagusa na yeye. Akaguta, akaziba mdomo. Jagjit alijua anachokiwaza, kwa kuwa na yeye alikuwa amekiwaza. Kuna kitu chenye uhai humo ndani, ama kilichokuwa na uhai si muda mrefu.

"Hapana," alimwambia upesi. "Sikiliza, Mama Edah. Nilivunjika mkono Kisumu, pikipiki ilinitupa. Waliponifunga plasta ilinichoma kama uji. Plasta huchemka yenyewe ikiwa inaganda."

"Kweli," Milka alisema akihema. "Kweli, ndivyo ilivyo. Kazini naifunga kila siku. Mungu wangu, akili imeniruka."

"Ikishaganda, inapoa. Hii haijapoa." Hamu ya kazi yake ya zamani ilimpanda Jagjit kichwani, akasema kwa sauti kubwa lile ambalo angelikaa nalo kimya. "Basi imefungwa jioni hii hii. Na mlango huu Gurdev hajamfungulia mtu ila Daktari na sisi. Aliyeifunga bado yumo humu! Fanuel yu hai!"

Milka alishika rafu asianguke. Dokta Ainsley akanong'ona, "Hapa? Ndani?" na katika mwanga wa tochi uso wake ulipata furaha kubwa.

Jagjit alilipasua ganda kwa kisu chake, plasta ikiwa bado na unyevu. Ndani, katika karatasi iliyoloweshwa na kupangwa vyema, lililala taya la Turkana, meno yake marefu kama visu vya jikoni. Lilikuwa vipande viwili, na kila kipande kimeviringishwa peke yake.

"Amevunja!" Daktari alipiga kelele. "Ona, shenzi! Amevunja!"

Jagjit alikisogeza kipande kimoja kwenye mwanga. Jiwe likivunjika huacha meno na makovu. Hapa palikuwa pamenyooka, na palimeta kwa utando wa rangi ya asali. Alipitisha ukucha. Ilikuwa gundi. Safari hii alikirudisha kipande kwenye karatasi na kuyaweka moyoni aliyoyaona.

"Gurdev!" Daktari aliita. "Enda kwa simu ya barabarani, ita polisi. Mbio!" Gurdev hakungoja kuambiwa mara mbili. Alitoka na kandili yake, na Daktari akamfuata mpaka mlangoni, akasukuma komeo kwa ndani. "Mwizi hapana toka," aliwaeleza, akarudi akitabasamu, tochi mkono wa kushoto, nyundo sasa mkono wa kulia. Bendeji ilikuwa imelegea, imelowa damu. Akapaza sauti kwenye giza, sauti tamu ya kumwita mtoto. "Fanuel! Toka, rafiki yangu! Hapana ogopa! Bibi yako iko hapa!"

"Daktari, mkono wako unavuja damu," Milka alisema. "Nipe niufunge. Ndiyo kazi yangu."

"Baadaye."

"Sasa, Daktari. Kidonda kikiingia uchafu utaukosa huo mkono Jumamosi."

Jagjit alikuwa anamtazama, na mzee aliona kwamba anatazamwa. Aliichomeka nyundo kwenye mkanda, akatoa mkono. Milka alifungua bendeji taratibu kwenye mwanga wa tochi, tabaka baada ya tabaka, kisha vidole vyake vikasimama. Jagjit alinyoosha shingo.

Mgongoni mwa mkono palikuwa na upinde wa vidonda vidogo, kimoja kando ya kingine, umepinda kama sikio la kikombe. Milka aliugeuza mkono. Upande wa kiganja upinde haukuwepo. Palikuwa na kidonda kimoja huku, kimoja kule, na katikati ngozi nzima isiyo na alama.

Hakuna msumari unaouma. Mkono huu ulikuwa umemziba mtu mdomo, na mtu huyo ameung'ata kwa nguvu zake zote. Meno yake ya juu yalikuwa kamili. Ya chini, ya mbele, hakuwa nayo.

Jagjit alizaliwa Kisumu. Alicheza na watoto wa Kijaluo, akaiba maembe nao, akawaona kaka zao wakubwa wakirudi kutoka kwa nyanya zao midomo imevimba, meno sita ya chini yameng'olewa kama desturi ilivyotaka. Kanisa lilikataza, serikali ikakataza, lakini nyanya yake Fanuel hakumsikiliza askofu wala gavana, na mjukuu wake akang'olewa yake. Hapa Birmingham nzima, yenye watu karibu milioni, ni wangapi wenye mdomo kama ule? Na huyu bwana anayeyasoma meno ya wanyama waliokufa zamani za kale alikuwa ameyabeba meno ya Fanuel mkononi mwake tangu Jumatatu, asijue kwamba yanasomeka.

Milka aliifunga bendeji upya. Aliifunga vizuri, akaikata kwa meno, akaingiza ncha. Ndipo alipofungua mdomo, na sauti yake ilikuwa tulivu kama anayeuliza bei ya mboga. Lakini alisema kwa Kijaluo.

"Huyu ndiye. Amemziba mume wangu mdomo."

"Nimeona," Jagjit alijibu kwa lugha ile ile. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye kwa ulimi wake mwenyewe alikuwa amemwambia fisi mbuzi amejificha wapi.

"Nasema nini huyu?" Daktari aliuliza. Mkono ulikuwa umeirudia nyundo.

"Anataka kumwomba Mungu. Kwa lugha ya kwao."

"Omba, mama, omba."

Milka alianza kuimba. Ulikuwa wimbo wa kanisani, wa taratibu, lakini maneno aliyatunga mwenyewe. Otieno, kaa ulipo, aliimba. Usitoke, baba Edah. Yule uliyemng'ata yuko hapa, ana nyundo, na mlango ameufunga. Sauti ilitetemeka mwishoni mwa kila mstari, na matao yakaibeba mpaka gizani.

"Daktari, niazime tochi," Jagjit alisema. "Nimeona alama sakafuni."

Mzee alisita, akampa. Jagjit aliinama, akaitazama alama ambayo haikuwepo, kisha akaizima.

Giza likawa giza. "Singh!" Daktari alifoka. Nyundo ilichomolewa, chuma kikikwaruza ngozi ya mkanda, na hatua zikaanza kumwendea Milka, kule wimbo ulikotoka. Milka bado alikuwa akiimba. Masikini, hakujua kwamba wimbo ndio unaomwonyesha alipo. Jagjit aliruka, akagonga bega kwenye sanduku, akalikosa koti la mzee kwa inchi. Akasikia pumzi za yule mtu zikimpita.

Du. Mburuto. Karibu kabisa, kama hatua mbili.

Kisha kishindo cha mwili mzima ukianguka, nyundo ikilia sakafuni na kuserereka mbali. Jagjit alijitupa palepale penye kishindo, akapata shingo, akapata mkono wenye bendeji, akaukunja mgongoni jinsi alivyofundishwa kwenye chuo cha polisi cha Kiganjo. Aliiwasha tochi kwa kidole gumba.

Fanuel Otieno alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea sanduku la Argentina ambalo mbao zake za upande zilikuwa zimefunguka kama mlango. Uso ulikuwa wa kijivu, ndevu zimemwota, na jicho moja limevimba. Mguu wake wa kushoto aliunyoosha katikati ya njia, umefungwa plasta na magunia kutoka kwenye paja hadi kwenye vidole, kama mfupa uliotayarishwa kwa safari ya meli. Huo ndio uliomwangusha Daktari.

"Sanduku lilikuwa tupu, mifupa yake iko rafuni," Fanuel alisema. Alipoongea lile pengo la chini lilionekana. "Alinisukuma kwenye ngazi, mguu ukavunjika. Akanikaba. Nikamng'ata, nikatambaa na taya langu gizani, nikazirai humu. Hata ningeita, mlinzi angemwita yeye. Leo nikalificha taya ndani ya plasta kati ya vifurushi, nikafunga mguu nisimame, nitoke."

Jagjit aliukamata ule mkono wa mzee, akaibandua bendeji kwa meno, akausogeza kando ya mdomo wa Fanuel.

"Dokta Ainsley, wewe ndiye bingwa wa mataya. Hebu tusomee hili."

Mzee alifumba macho.

"Taya lake ni wanyama wawili, Inspekta," Fanuel alisema. "Mbele dinosaria, nyuma mamba wa kale. Aligundisha, akapaka rangi. Nimeosha rangi, gundi ikaachia, nikaona. Nikamwambia, Bwana, hakuna mnyama kama huyu..." Hakumaliza. Kichwa kilimwangukia kifuani.

Milka alikuwa tayari amepiga magoti. Hakumkumbatia mumewe, hakulia. Alishika plasta, ilikuwa na joto bado. Kisha akashika vidole vya mguu vilivyochungulia chini yake, na Jagjit akaona uso wake ukibadilika kuliko ulivyobadilika mbele ya nyundo.

"Vidole ni barafu. Leta mwanga. Vimekuwa buluu! Baba Edah, umekaza namna gani? Umezungusha kote?"

"Kama kawaida," Fanuel alinong'ona. "Kama mfupa."

"Mfupa wa dinosaria hauvimbi! Mguu unavimba! Umejinyonga damu, mume wangu, mguu utakufa." Aligeuka. "Msumeno wake! Pale mezani. Ule mdogo. Upesi!"

Jagjit alimfunga Daktari kwa mkanda wake mwenyewe, akakimbia, akarudi. Milka aliweka msumeno pajani, akaanza kukata kuelekea chini. Vumbi jeupe liliwaingia puani. Nje Gurdev alikuwa anagonga mlango na kuita, na sauti za Kiingereza zikiuliza nani amefunga, lakini Jagjit hakuweza kuondoka kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa taa. Aliishika tochi kwa mikono miwili juu ya msumeno. Ganda lilipasuka gotini, likapasuka kwenye muundi, na Milka akaingiza vidole ndani ya ufa akalivuta likaachana kama kifuu cha nazi. Mguu ulioonekana ulikuwa umevimba, unang'aa.

Alikikamata kidole gumba cha mguu wa mumewe, akakibana kikawa cheupe, akakiachia. Hakikugeuka. Akakibana tena. Akawa anasema maneno ya Kijaluo ambayo Jagjit aliyajua na hakupenda kuyasikiliza, kwa kuwa hayakuwa yake.

Akakibana mara nyingine, akaachia. Polepole sana, kuanzia pembeni mwa ukucha, wekundu wa damu ukarudi.

"Bwana Jagjit," alisema bila kuinua kichwa, machozi sasa yakimdondokea kwenye plasta, "nenda kawafungulie."